Haki Haikomi Mpakani

Mhadhara uliotolewa mjini Mwanza mbele ya walimu, wanafunzi na wakazi wa mji



 

Muradi wangu ni kumtaja binti mmoja, na kwa kumtaja yeye kuieleza haki ya wengi. Binti huyo ni Mary Maker, aliyezaliwa katika nchi ambayo leo inaitwa Sudani Kusini, akavushwa mpaka na mama yake angali mtoto, akalelewa katika kambi ya Kakuma iliyo katika kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, akasoma, akarudi kufundisha humo humo kambini, hata mwaka 2023 akateuliwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi kuwa Balozi Mwema wake. Nitadai mbele yenu kwamba kijana huyu, na wenziwe wa namna yake, hawakusimama mbele ya walimwengu kuomba sadaka. Walisimama na hoja, nayo ni kwamba haki ya mtoto wa kike ya kusoma imefungamana na nafsi yake mwenyewe, haikufungamana na uraia wake, wala na hesabu ya ng'ombe wa ukoo wake, wala na ukarimu wa mwenyeji aliyempokea. Ikiwa hoja hiyo ni ya kweli, basi inatuhusu sisi tulio kandokando ya ziwa hili kama inavyowahusu watu wa Turkana.

Nitaigawa kauli yangu katika mafungu manne, na mtaniwia radhi ikiwa mengine yatakuwa marefu kuliko mengine, kwa kuwa mambo yenyewe hayakulingana uzito.

I. Dhiki ya ukimbizi humwangukia binti kwanza

Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, ilipopokea maelfu ya watoto na vijana, aghalabu wavulana, waliotembea kwa miguu mwendo wa miezi kuikimbia vita ya Sudani. Ulimwengu ukawahurumia wavulana wale, ukaandika habari zao, ukawapeleka wengine ng'ambo kuanza maisha mapya. Lakini wasichana waliokimbia vita ile ile walitawanywa majumbani mwa walezi, na kwa kuwa walikuwa ndani ya nyumba hawakuonekana sana na wageni waliokuja na madaftari yao. Hili nalitaja mapema ili tufahamu kwamba binti mkimbizi huweza kusahauliwa hata na wale waliokuja mahususi kumkumbuka.

Tazameni jinsi dhiki inavyofanya kazi. Mtu aliyekuwa na zizi, shamba na ghala anaamka siku moja hana kitu. Ng'ombe wametekwa, nyumba imechomwa, na mpaka umemfanya kuwa mtu wa kadi ya mgao. Kwa makabila mengi ya Sudani Kusini, Wadinka wakiwa miongoni mwao, mahari hulipwa kwa ng'ombe, kama ilivyo desturi hapa Usukumani. Katika hali hiyo, mali ya pekee ambayo vita haikuweza kuiteka ni binti, na jamaa wakikaa kikao cha ukoo chini ya turubai, wa kwanza kutajwa ni yeye. Mgao wa chakula ukipunguzwa, kinywa kimoja kikiondoka ni nafuu. Usiku wa kambini ukiwa na hatari, mume huonekana kuwa ni ngome. Waungwana, sisemi kwamba wazazi hao ni watu waovu. Wengi wao humwoza binti kwa kumpenda, wakiamini kwamba wanampa usalama ambao wao wenyewe hawawezi kumpa, na mtetezi asiyelifahamu hilo atapiga hodi kwenye mabanda mwaka mzima asifunguliwe.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyeandika kwa Kikerewe kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na wanawe, kitabu kilichotoka kwa Kiswahili mwaka 1980, alituonyesha kwa ufundi usio na mfano jinsi mwanamke anavyoweza kuchukuliwa na wazazi wake kutoka kwa mume ampendaye kwa ajili ya masimango ya kutozaa. Wale hawakuwa wakimbizi. Walikuwa watu wenye ardhi, wenye ukoo na heshima zao. Ikiwa katika amani na neema thamani ya mwanamke ilipimwa kwa kipimo hicho, basi katika njaa ya kambini kipimo kinakuwa kikali mara dufu.

Nami kama mwalimu nitawapa dalili moja ambayo walimu waliomo humu wataijua mara moja. Lifungueni daftari la mahudhurio la shule yoyote iliyo karibu na mwalo. Jina la msichana linaanza mwezi wa Januari na alama safi mfululizo. Baadaye inatokea siku moja tupu katika juma, nayo ni siku ya gulio, au siku ambayo dagaa wamepatikana kwa wingi na inahitajika mikono ya kuwaanika. Halafu zinakuwa siku mbili. Halafu kila mwezi kunakuwa na pengo la siku kadhaa lenye kurudi kwa zamu ile ile, ambalo mwalimu mwanamume hulitazama asilielewe na mwalimu mwanamke hulielewa bila kuuliza, kwa kuwa binti hana taulo za kike na choo cha shule hakina mlango. Mwisho wa muhula unachorwa mstari mwekundu juu ya jina, na pembeni, kwa herufi ndogo, limeandikwa neno “utoro”. Nimeliona neno hilo mara nyingi, na kila mara nimeliona kuwa ni dhuluma, maana linamhukumu aliyekimbizwa kana kwamba ndiye aliyekimbia. Kambini mapengo hayo ni yale yale, na juu yake huongezeka safari ya kuni, ambayo binti huenda mbali na kambi akirudi na mzigo kichwani na hofu moyoni.

II. Mtetezi mwenye nguvu ni yule aliye ndani ya darasa

Mary Maker alipomaliza masomo yake ya sekondari angeweza kutafuta njia ya kutoka. Alichagua kurudi Kakuma kufundisha, na huo ndio mlango ambao utetezi wake uliingilia. Mwezi wa Juni 2018 mkutano wa hotuba za TEDx ulifanywa Kakuma, mkutano wa kwanza wa aina hiyo kufanywa ndani ya kambi ya wakimbizi. Naye akapanda jukwaani na kueleza kwa nini anapigania elimu ya wasichana wakimbizi. Hotuba ile ikasikilizwa duniani kote, na watu wengi humjua kwa jukwaa. Mimi nawaomba mmjue kwa ubao wa chaki.

Sababu yangu ni hii. Mzazi aliyepoteza kila kitu hashawishiki kwa maneno mazuri ya mgeni, kwa kuwa wageni wenye maneno mazuri amewaona wengi, nao wamekuja na magari na kuondoka na magari. Lakini akimwona binti wa kabila lake, anayekula mgao ule ule, aliyevuka mpaka ule ule, amesimama mbele ya darasa na wavulana wanamwita mwalimu, hapo hoja imekwisha kutolewa kabla hajafungua kinywa. Msichana naye aliyeketi nyuma ya darasa, ambaye nyumbani anatajwa kwa mahari yake, anapata kwa mara ya kwanza sura ya mwanamke anayetajwa kwa maarifa yake. Katika kambi ambazo walimu wengi ni wanaume na wasichana wa sekondari ni haba, mwalimu mmoja wa kike ana thamani isiyopimika kwa mshahara, na mshahara wenyewe, waungwana, ni posho ndogo ya kujitolea.

Mary hakukoma hapo. Alipopata nafasi ya kusoma katika Chuo cha St. Olaf, jimboni Minnesota nchini Marekani, alitambua kwamba njia aliyopitia yeye ilikuwa nyembamba mno, na kwamba vijana wenye akili kama zake au zaidi walikuwa wamebaki Kakuma si kwa upungufu wa akili bali kwa kutojua namna ya kuomba. Mwaka 2021 yeye na wenziwe wakaanzisha mpango unaoitwa Elimisha Kakuma, unaowachukua waliohitimu sekondari kambini, ukawafundisha kuandika maombi, kujiandaa kwa mitihani na kutafuta vyuo na ufadhili. Ni kazi ya subira, ya fomu, tarehe na barua, isiyopigiwa makofi. Ubora wake waonekana kwenye hesabu: mwaka 2019 wakimbizi waliofika elimu ya juu duniani walikuwa 1 tu katika kila 100, katika ripoti ya Shirika la Wakimbizi ya mwaka 2024 wamefika 7, na azma iliyowekwa ni kufika 15 ifikapo mwaka 2030. Kupanda kutoka 1 hadi 7 hakukutoka mbinguni. Kulitoka katika kazi kama hiyo.

Yuko mwingine ambaye kisa chake kinashuhudia jambo lile lile. Muzoon Almellehan alizaliwa Syria, katika jimbo la Daraa, mwaka 1998, na vita ilipowatoa kwao yeye alibeba vitabu vyake vya shule. Katika kambi za Za'atari na Azraq, nchini Jordan, alikwenda hema kwa hema kuwasihi wazazi wasiwaoze binti zao bali wawaache wasome. Alikuwa na umri wa wasichana aliowatetea, na hilo ndilo lililomfungulia mahema. Mwaka 2015 jamaa zake walihamishiwa Uingereza, mjini Newcastle, na mwezi wa Juni 2017 UNICEF ikamteua kuwa Balozi Mwema akiwa na miaka 19, mdogo kuliko wote waliomtangulia na wa kwanza mwenye hadhi rasmi ya ukimbizi. Yeye na Mary walilelewa mbali mbali, kwa lugha mbali mbali, wakaifikia njia moja ya kazi: wenzao kwanza, jukwaa baadaye.

Hapa Mwanza hatuna haja ya kwenda mbali kupata mfano. Angela Benedicto, aliyepata kuwa mtumishi wa nyumbani akiwa mtoto, ndiye aliyeanzisha shirika la WoteSawa la kuwatetea watoto na vijana wanaofanya kazi za ndani. Aliyelala jikoni ndiye ajuaye wapi pa kumtafuta anayelala jikoni leo. Na shirika la Kivulini, ambalo wengi wenu mnalijua, limefanya kazi ya miaka mingi mitaani na vijijini mwetu kuzungumza na wanaume kwa wanawake juu ya ukatili majumbani, kwa njia ya majirani kuwaambia majirani. Nawataja ili mjue kwamba ninachokisifu Kakuma si muujiza wa kigeni.

III. Sheria mbili zinazokutana juu ya binti mmoja

Sasa naomba mnivumilie kidogo, maana nitaingia katika sheria, na jambo nitakalolisema ndilo hasa lililonifanya niukubali mwaliko huu.

Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 juu ya hali ya wakimbizi una ibara ya 22 inayozungumzia elimu. Katika elimu ya msingi, mataifa yaliahidi kumtendea mkimbizi sawasawa na raia. Baada ya elimu ya msingi ahadi inalegea: mkimbizi atatendewa vyema kadiri inavyowezekana, na walau asitendewe vibaya kuliko mgeni mwingine. Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 nayo inamtambulia mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi. Basi mkono wa sheria unamshika binti kwa nguvu mpaka anapokaribia miaka kumi na minne au kumi na mitano, kisha vidole vinaanza kulegea.

Wekeni kando ya hayo Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971. Vifungu vyake vya 13 na 17 viliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, ilhali mvulana alitakiwa kungoja mpaka 18. Naomba mtafakari makutano hayo. Katika umri ule ule ambao ahadi ya shule inalegea, mlango wa ndoa unafunguka. Binti raia anayemaliza darasa la saba Sengerema na binti mkimbizi anayemaliza elimu ya msingi Kigoma wanasimama mahali pamoja, kizingitini, na mikono inayowavuta inafanana. Mmoja ana uraia na mwingine hana, lakini uraia haukumtosha yule wa kwanza.

Ndiyo maana naona kwamba kesi ya Rebeca Gyumi ni kesi ya Kakuma pia. Mwanasheria huyu kijana, mwasisi wa shirika la Msichana Initiative, alikwenda Mahakama Kuu akidai kwamba vifungu vile vinapingana na Katiba, na tarehe 8 Julai 2016 Mahakama ikakubaliana naye, ikaipa Serikali mwaka mmoja kufanya marekebisho. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Katikati ya hukumu hizo mbili, mwaka 2018, Umoja wa Mataifa ulimpa Tuzo ya Haki za Binadamu. Mahakama imenena kwa kauli iliyo dhahiri. Na kila mwaka unaopita baada ya hukumu bila sheria kuandikwa upya ni mwaka ambao wasichana wanatimiza miaka 15 chini ya maneno ambayo mahakama ya juu kabisa ya nchi imekwisha kuyakataa.

Kuna waraka mwingine ambao wanafunzi wa sheria waliomo humu wanapaswa kuujua kwa moyo, nao ni Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990. Ibara yake ya 21 inaweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa kuoa na kuolewa. Ibara ya 23 inasema mtoto mkimbizi alindwe na kusaidiwa ili azipate haki zilizomo katika mkataba huo. Zisomeni pamoja, na mtaona kwamba Waafrika wenyewe, wala si wafadhili, walikwisha kuyaandika mawazo ambayo Mary Maker aliyasema jukwaani. Atakayewaambia kwamba elimu ya binti mkimbizi ni fikra iliyoletwa kwa ndege, mwonyesheni ibara hizo mbili kwa upole.

IV. Kandokando ya ziwa letu

Fungu hili litakuwa fupi, kwa kuwa wazee waliomo humu wanalijua kuliko mimi. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara, na mto Kagera ukaleta maiti mpaka ndani ya ziwa hili tunalokunywa maji yake. Nchi hii iliwapokea. Kabla ya hapo iliwapokea Warundi waliokimbia kwao mwaka 1972, na mwaka 2014 ikawapa uraia wapatao 162,000 kati yao na watoto wao, jambo ambalo nchi tajiri nyingi hazijathubutu. Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa ukarimu wa namna hiyo kwa wakimbizi. Hayo ni mema, na anayeyakana hana insafu.

Hata hivyo kupokea si kusomesha. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilianza mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Warundi wakaongezeka humo tangu mwaka 2015. Watoto wake husoma kwa mitaala ya makwao, aghalabu kwa Kifaransa, kwa matumaini ya kurudi. Na kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali. Msichana aliyezaliwa hapo mwaka ule wa 1996 anaweza leo kuwa mama wa mtoto aliyeanza shule katika uzio ule ule. Kiswahili anakijua kama sisi; anakijua kwa lafudhi tamu ya Kikongo. Lakini cheti chake hakisomeki kirahisi katika vyuo vyetu, na vyuo vyetu havijamtafuta. Wafanyabiashara wa Kongo na Burundi hufika Mwaloni Kirumba kununua dagaa, tukapatana nao bei bila mkalimani. Imekuwaje magunia ya dagaa yapate njia na vyeti vya binti zao visipate?

Ndugu zangu, nimalize kwa yale yanayowezekana kuanza mwaka huu. Walimu na wahadhiri waliomo humu wana uwezo wa kuviomba vyuo vyao viweke utaratibu ulio wazi wa kulinganisha vyeti vya Kongo na Burundi na vya kwetu, na kutenga nafasi, hata zikiwa chache, kwa wasichana wakimbizi waliofaulu. Wanasheria wanaweza kuwaandikia wabunge wa mkoa wetu, kwa majina yao na kwa adabu, kuwauliza wamefika wapi katika kuirekebisha Sheria ya Ndoa. Akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, ambao nimewaona wengi mlangoni, wanaweza kuanza na shule zao za jirani, wakiuliza mahudhurio ya wasichana na mlango wa choo. Na vijana wanaojua kuandika maombi ya vyuo wanaweza kufanya kwa barua na kwa simu kile ambacho Elimisha Kakuma inakifanya kambini, kwa wasichana wa Nyarugusu na wa visiwa vyetu vya Ukerewe kwa pamoja.

Mwenyekiti ameniruhusu kutangaza kwamba daftari limewekwa juu ya meza iliyo karibu na mlango. Atakayependa kuingia katika kamati ya vyeti, au ile ya barua kwa wabunge, au ile ya shule za jirani, aandike jina lake na namba yake kabla ya kutoka. Kikao cha kwanza kitakuwa Jumamosi ijayo saa nne asubuhi, katika ukumbi huu huu. Sasa nitapokea maswali, nami naomba tuanze na wasichana walioketi safu za nyuma.